Trekta jipya halijafika masaa 40 na lishaanza vituko. Nianzie wapi?

Kakuyuni_Shambani
Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nimenunua trekta dogo jipya, injini ya silinda 3, nguvu farasi 35, linavuta magurudumu yote manne. Limekuja na rotaveta yake, lile jembe la visu vinavyozunguka. Kampuni na muuzaji sitawataja kwa sababu mazungumzo nao bado hayajaisha. Mita ya masaa haijagonga 40 na tayari nina orodha.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: likiingia shambani linapiga kazi vizuri kama saa nzima, kisha nguvu zinaanza kupungua, mlio unapanda na kushuka, mwisho linazima. Ukiliacha kama robo saa ukapiga stata, linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Unalima tena, safari hii muda mfupi zaidi, linazima tena. Joto liko sawa, sindano haipiti katikati.

Mikono ya nyuma nayo inapandisha rotaveta polepole sana huku inatetemeka, na chini ya kiti kuna mlio wa mluzi. Ekseli ya mbele upande wa kushoto inatoa jasho la mafuta. Na juzi dereva amekuta nati za gurudumu la nyuma zinazunguka kwa vidole.

Muuzaji yuko Mombasa, mimi niko huku Malindi. Anasema nilipe kwanza nauli ya fundi wao ndipo waje waangalie. Masika hiyo inabisha hodi, na kuna watu wanaonisubiri niwalimie. Fundi wa hapa kwetu anasema tufungue pampu ya dizeli. Nipeni mawazo kabla sijamruhusu.

JembeLaKodi
Usimruhusu! Pampu ikishaguswa spana na mtu wa nje, muuzaji anakuoneshea alama za spana na dhamana imekwisha. Mimi nalimia watu kwa kukodi kuanzia Marafa mpaka huko Baricho, nimeona jambo hilo likimkuta mwenzangu.

FundiMstaafu
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kabla ya hayo yote, trekta lisitoke nyumbani mpaka nati zikazwe. Hilo ndilo dogo kwa gharama na kubwa kwa hatari. Rimu mpya ina rangi nene. Rangi ikipondeka chini ya nati, nati inabaki na nafasi, hata kama ilikazwa vizuri siku ya kwanza. Tena trekta nyingi za ukubwa huo husafirishwa ndani ya makasha, magurudumu kando, na kufungwa huku huku. Kwa hiyo aliyekaza ni kijana wa gereji, na huenda aliitwa kula katikati ya kazi. Kaza kwa kuruka, moja halafu ya mkabala wake, kwa kipimo cha kitabu. Lilime masaa machache, ukaze tena. Kisha pita na spana kwenye kila kitu kilichofungwa huku: paa la kivuli, mikono, bolti za kushikilia ekseli ya mbele, bomba la silensa.

Sasa injini. Sikiliza linavyokufa. Trekta linalokatwa na umeme hufa ghafla, pap, halina muda wa kulalamika. Lako linazama, linajaribu kuinuka, linazama tena. Hiyo ni njaa ya dizeli. Na kwa sababu likipumzika linawaka, maana yake kinachoziba kinajiachia chenyewe injini ikisimama. Pampu mbovu mara nyingi haijitibu kwa robo saa.

Fanya majaribio mawili, hayahitaji kufungua chochote cha dhamana. Likianza kuzama, dereva asizime. Afungue kifuniko cha tangi hapo hapo. Ikiwa tangi litavuta pumzi na nguvu zikarudi, tundu la hewa la kifuniko limeziba, na tiba yake ni sindano na mswaki. Zisiporudi, likishazima funga koki, chomoa ule mpira wa dizeli kabla haujaingia kwenye chujio, uelekeze kwenye jerikeni safi, fungua koki. Usiangalie sekunde za mwanzo tu, acha zitoke lita kadhaa. Mkondo unaoanza mnene ukakonda mbele ya macho yako una kitu ndani ya tangi.

Nijibu pia: tangi liko juu ya injini au chini, pembeni ya ngazi? Likiwa chini, dizeli haiji yenyewe, huvutwa na kapampu kadogo, na hapo jaribio linakuwa tofauti kidogo.

Na jambo moja nasisitiza. Paipu za chuma zinazotoka kwenye pampu kwenda injekta usizilegeze injini ikinguruma ukiwa umeweka mkono karibu. Dizeli ya huko inatoka kwa msukumo wa kupenya ngozi, na hiyo si jeraha la kupaka dawa ukaendelea na kazi. Ni hospitali mara moja.

Mkonge_Tanga
Wakuu, habari za huko Malindi. Mimi ningeanza na maji kwenye dizeli. Pawatila yangu, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, ilinisumbua vivyo hivyo, kumbe mapipa ya muuza mafuta yamekaa wazi mvua nzima.

FundiMstaafu
Kaka wa Tanga, maji yanawezekana, ndiyo maana chujio lina bakuli la kioo chini. Maji hukaa chini, dizeli juu, mstari unauona kwa macho. Lakini maji hufanya injini ikohoe bila mpangilio, na moshi mweupe. Hili linakuja kwa ratiba: saa moja, halafu nusu, halafu kidogo. Ratiba ndiyo inayonipeleka kwenye tangi.

Kuhusu mafuta yenyewe, hata hivyo, nanunua ugomvi: acheni dizeli ya jerikeni ya barabarani. Kenya ililazimika mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi. Sehemu za pampu zinazosukuma dizeli zinalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Ukiipa mchanganyiko kwa msimu mmoja umeila kabla ya wakati wake. Chukua sheli, weka risiti. Risiti utaihitaji siku muuzaji akikwambia mafuta yako ndiyo mabaya.

MamaMaembe_Ganda
Kabla hamjaenda mbali, mimi langu lilikuwa linazima na sababu ilikuwa kiti. Mwanangu ndiye anayeliendesha, ni mwembamba, na shamba letu lina mashina ya mikorosho yaliyozikwa. Kila akirushwa juu, swichi ya kiti inaona hakuna mtu, na rotaveta ikiwa inazunguka inakata injini. Fundi mmoja alituambia tuunganishe waya mbili chini ya kiti yaishe.

FundiMstaafu
Bi mkubwa, natumai hamkuunganisha.

MamaMaembe_Ganda
Hatukuunganisha. Tuligeuza spring ya kiti, ina kitasa cha kuweka uzito wa dereva, tukaiweka laini. Na sasa anafunga mkanda. Limeacha.

FundiMstaafu
Ndivyo. Ile shafti ya nyuma ya PTO, inayozungusha rotaveta, inazunguka mara 540 kwa dakika. Gawanya: mara 9 kwa sekunde moja. Huku kwetu mtu anakwenda shamba na kikoi, akina mama na leso. Shafti ikishika ncha ya kikoi, kabla hujasema "simamisha" imeshazunguka mara kumi na kitu na mguu umo ndani. Swichi ya kiti ndiyo inayosimamisha dereva akiteremka kwenda kutoa mzizi huku ameacha inazunguka. Anayeiunganisha anakuondolea kero, na siku ya balaa hayupo. Hata kile kifuniko cha plastiki cha njano au cheusi juu ya shafti, kikivunjika nunua kingine.

Mpeketoni_Pamba
Natokea Mpeketoni, Lamu bara. Niongeze juu ya vumbi, kwa sababu nimeona kitu huku. Trekta likilima udongo mkavu kabla ya mvua, rotaveta inapiga vumbi na upepo unalileta mbele. Chini ya kopo la chujio la hewa kuna ulimi wa mpira. Huo wa kubinya. Ubinye kila jioni, vumbi limwagike. Watu wengi hawajui kazi yake, wengine wanaukata wakidhani ni kasoro. Ukikatwa, hewa inaingia bila kusafishwa vizuri na injini inakunywa mchanga.

Chujio lenyewe usilipige chini kama jamvi, wala usilipulize kwa upepo wa kompresa kutoka nje. Puliza taratibu kutoka ndani. Lile dogo la ndani kabisa halisafishwi, linabadilishwa.

Na pwani tuna chumvi. Ncha za betri paka grisi tangu wiki ya kwanza. Tulihangaika na trekta "haliwaki" kumbe ni unga wa kijani kwenye waya wa chini ya chasi.

JembeLaKodi
Hapo kwa chumvi ni kweli kabisa. Nikilimia watu wa Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi, bolti zinaota kutu mbele ya macho. Osha na maji ya bomba ukitoka huko.

Kakuyuni_Shambani
Nimerudi na majibu. Tangi liko juu, mbele ya usukani chini ya boneti. Nati zimekazwa zote; nne zilikuwa zimelegea. Bolti moja ya paa pia.

Kifuniko: tulifungua likiwa linazama, hakuna pumzi, hakuna mabadiliko. Likazima.

Jaribio la jerikeni: FundiMstaafu, ulikuwa kama unaliona. Dizeli imetoka nene, ikapungua, ikawa uzi. Dereva akapuliza kwa mdomo ule mpira kurudi tangini (alitema dizeli mpaka magharibi), tukasikia buluu, na mkondo ukarudi mnene. Baada ya muda ukakonda tena. Tukamwaga tangi lote kupitia kitambaa cheupe. Ndani kimetoka kipande cha plastiki laini, upana wa vidole viwili, kama ile nailoni ya kufungia mdomo wa tangi kiwandani. Injini inavuta, kinakwenda kukaa juu ya tundu. Injini ikizimwa, kinaachia.

Nimekipiga picha juu ya kitambaa pamoja na mita ya masaa. Tumeosha tangi, tukabadilisha chujio, tukatoa hewa. Limelima toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kuzima.

JembeLaKodi
Na mtu alitaka kufungua pampu!

FundiMstaafu
Alhamdulillahi. Kipande kile kihifadhi ndani ya bahasha, usikitupe.

Mkonge_Tanga
Mkuu hapo umenifunza. Mimi ningekuwa nimeshanunua injekta.

Kakuyuni_Shambani
Sasa mikono ya nyuma. Bado polepole na mluzi upo.

FundiMstaafu
Mluzi ule ni pampu ya haidroliki inayovuta hewa badala ya mafuta. Sababu huwa mbili: mafuta yamepungua, au wavu wa kuvutia umeziba. Lakini kwanza niambie, trekta limewahi kufungwa trela ya kumwaga?

Kakuyuni_Shambani
Ndiyo, tulivuta mchanga wa Sabaki na trela la jirani kwa ajili ya kibanda cha trekta lenyewe.

FundiMstaafu
Haya basi. Silinda ya trela inapojinyoosha inakunywa mafuta kutoka ndani ya trekta lako, maana giaboksi na haidroliki vinatumia mafuta mamoja. Ikirudi, hurudisha, lakini anayechomoa mipira trela likiwa bado juu kidogo anaondoka na lita zako. Na huenda amekuachia za kwake: mafuta ya trela yaliyokaa miaka, yenye maji na mchanga.

Pima hivi: trekta juu ya ardhi tambarare, mikono imeshushwa yote, injini imezimwa, subiri kidogo, ndipo utoe kijiti. Anayepima mikono ikiwa juu anajidanganya, kwa sababu sehemu ya mafuta iko kwenye silinda. Yakipungua ongeza aina ile ile iliyoandikwa kitabuni. Angalia rangi. Yakiwa kama maziwa, yana maji, usiongeze, mwaga yote.

Kisha kagua kitasa cha kasi ya kushuka, mara nyingi kiko chini ya kiti kwa mbele. Kazi yake ni kushusha, haina uhusiano na kupandisha, lakini watu hukikaza mpaka mwisho na mikono ikaganda.

JembeLaKodi
Nina swali kuhusu mkono wa pili, ule wa kushika pembeni ya kiti, maana kwangu dereva analia kwamba jembe linaingia na kutoka lenyewe. Trekta jipya pia.

FundiMstaafu
Una mikono miwili pale? Mmoja ni wa kimo: unauweka hapa, jembe linakaa hapa. Wa pili unasikia uzito wa udongo: ardhi ikiwa ngumu unapandisha jembe kidogo wenyewe ili injini isizidiwe. Ni mzuri kwa plau. Kwa rotaveta uweke kando kabisa, upande ambao haufanyi kazi, kisha uendeshe kwa ule wa kimo. Dereva aliyezoea trekta kubwa la zamani huuacha katikati kwa mazoea, na jembe linacheza. Siyo ugonjwa.

Kakuyuni_Shambani
Mafuta ya haidroliki yalikuwa chini ya alama ya mwisho. Rangi ni safi, kama asali, hayana maziwa. Tumeongeza, mluzi umekwisha, mikono inapanda. Jirani nimemwambia trela lake lipumzike.

Kilichobaki ni ekseli ya mbele, na nauli.

FundiMstaafu
Ekseli, usikimbilie kusema oili sili imekufa. Trekta jipya huja limepakwa mafuta ya kuzuia kutu safarini, yakipata jua la Malindi yanatiririka kila mahali. Safisha kwa kitambaa na petroli kidogo, kausha, upake unga wa talki ule wa watoto. Endesha. Mafuta yakitoka, unga utaonesha mahali hasa yanapoanzia. Yakianzia kwenye tundu la pumzi juu ya ekseli, pengine limejazwa kupita kiasi kiwandani. Yakianzia pale shafti inapotokea, hiyo ni sili, na sili ya trekta jipya haikuhusu wewe, ni yao.

WakiliWaBaraza
Nimeusoma uzi wote nikisubiri zamu yangu. Ndugu wa Kakuyuni, suala la nauli usilibishanie kwa simu. Fungua kijitabu cha dhamana utafute mambo matatu: kinachohesabiwa kuwa kasoro ya kiwanda, vitu vinavyoachwa nje (kwa kawaida chujio, mikanda, klachi, tairi, betri huwa na masharti yake), na nani anabeba gharama ya kusafiri. Kikinyamaza kuhusu usafiri, kunyamaza kwake hakumpi muuzaji ruhusa ya kukutoza anavyotaka kabla hajaona kasoro.

Nje ya kijitabu kuna sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, kifungu cha 16, inaweka sharti la bidhaa kuwa na ubora unaofaa kuuzwa na kufaa kwa kazi ambayo muuzaji alielezwa. Kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha. Mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Bei ya trekta zima itazidi hapo, lakini gharama za matengenezo na hasara ndogo zinaingia.

Simaanishi ukimbilie mahakamani. Namaanisha andika barua moja, yenye namba ya chasi, namba ya injini, tarehe ya kupokea, masomo ya mita kwa kila tatizo, picha ya kile kipande cha nailoni na picha ya unga wa talki. Tuma kwa barua pepe na WhatsApp vyote viwili. Sauti ya simu haina ushahidi.

MamaMaembe_Ganda
Na picha ya mita ya masaa ipigwe kila Jumapili, hata kama hakuna shida. Sisi tulibishana na muuzaji wetu kuhusu servisi ya masaa 50 kama ilichelewa. Picha ndiyo iliyotuokoa.

JembeLaKodi
Hapo kwa mita, watu wajue kwamba kwenye trekta nyingi mita ya sindano inahesabu mizunguko ya injini, siyo saa ya ukutani. Ukiliacha linanguruma chini kwa chini saa nzima, mita inasogea kidogo. Ukilima na PTO 540, ndipo saa inakuwa saa. Kwa hiyo msishangae mita ikisema kidogo kuliko dereva.

Mkonge_Tanga
Wakuu, na kuhusu kulizoesha injini jipya? Mmoja ananiambia nilibembeleze, mwingine ananiambia nilipige kazi.

JembeLaKodi
Kulibembeleza. Masaa 50 ya kwanza hata rotaveta usifunge.

FundiMstaafu
Hapo ndugu yangu JembeLaKodi sikubaliani nawe. Injini ya dizeli isiyopewa kazi haikai vizuri ndani. Pete za pistoni zinahitaji msukumo ili zishikane na silinda. Ukiliacha linguruma bure kivulini, dizeli haiungui yote, silensa inatoa utando mweusi wa mafuta na injini inaanza kula oili. Lipe kazi ya wastani, badilisha mizunguko, usilikamie mpaka litoe moshi mweusi, usiliache mwendo mmoja kutwa nzima. Asubuhi lipashe dakika chache. Jioni kabla ya kuzima lipoe kidogo, hasa likiwa na tabo (turbo ya kusukuma hewa).

JembeLaKodi
Mimi nimefunzwa hivyo na aliyeniuzia. Lakini nakubali, langu linakula oili.

Kakuyuni_Shambani
Haya, ya mwisho mwisho. Unga wa talki umeonesha: mafuta yanaanzia pale shafti inapotokea, siyo juu. Nikaandika barua kama WakiliWaBaraza alivyoelekeza, na picha zote. Walikuwa kimya kidogo, halafu wakapiga simu wenyewe. Kumbe wana mteja mwingine Gongoni, wakaunganisha safari, suala la nauli likafa bila kutajwa tena.

Fundi wao amefungua, ameikuta sili ina mkato mdogo mdomoni, ilikatwa ilipokuwa inaingizwa. Amebadilisha bila malipo. Tukafanya na servisi ya masaa 50 hapo hapo ingawa mita ilikuwa bado kidogo: oili ya injini na chujio lake, chujio la haidroliki, kukaza mkanda wa feni, kupima uchezaji wa klachi na breki. Oili na machujio nimelipa mimi, hilo lilikuwa wazi kwenye kijitabu. Upepo wa tairi aliupunguza sana, alisema husafirishwa zikiwa zimejazwa kupita kiasi. Kweli, sasa halirukiruki.

Chujio la haidroliki alilikata kwa msumeno tukaangalia ndani. Kulikuwa na unga unaometa. Moyo ukanipasuka, akasema ni kawaida.

FundiMstaafu
Ni kawaida kwa mara ya kwanza. Gia mpya zinasuguana, zinatoa unga, ndiyo sababu ya kubadilisha mapema hivyo. Unga unaopakaa kidoleni usikutishe. Chembe unayoweza kuishika kwa kucha, hiyo inakuambia kuna jino au beringi. Servisi ijayo likate tena ulinganishe.

Mpeketoni_Pamba
Je, shafti ya rotaveta mlipima urefu? Yangu ilikuja ndefu. Nikiinua rotaveta inasukuma shafti ya trekta kwa ndani, na beringi ya PTO ndiyo inayoumia.

FundiMstaafu
Swali zuri, wengi hawapimi. Inua na kushusha polepole injini imezimwa, tafuta mahali shafti inakuwa fupi kuliko zote. Hapo inatakiwa ibaki na nafasi kama milimita 25 kabla haijagota. Ikigota, kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo sawa, pamoja na vile vifuniko vya plastiki, sugua ncha kwa tupa, paka grisi. Kisha shusha mpaka inapokuwa ndefu zaidi: mabomba yawe bado yameingiliana angalau theluthi ya urefu. Yakiwa chini ya hapo, usitumie, tafuta shafti nyingine.

Kakuyuni_Shambani
Nimepima sasa hivi. Inagota. Nakwenda kutafuta msumeno.

MamaMaembe_Ganda
Mwanangu anauliza, akitoka Ganda kwenda mjini kwa barabara ya lami aache ile ya magurudumu manne ikiwa imefungwa?

FundiMstaafu
Hapana mama. Afungue, yavute ya nyuma peke yake. Magurudumu ya mbele yamepimwa yatangulie kidogo yale ya nyuma. Shambani udongo unaachia, lami haiachii, na mvutano wote unakwenda kwenye gia za mbele na tairi. Afunge tu akiingia shambani, au kwenye mteremko wenye mzigo ambapo anahitaji breki ya mbele.

JembeLaKodi
Na mimi sasa niulize kabla uzi haujafungwa: dukani Malindi wananipa oili ya injini eti inafaa pia kwa giaboksi na haidroliki. Bei nusu.

FundiMstaafu
Haifai. Breki zako zinazama ndani ya mafuta hayo hayo. Oili ya kawaida ya injini inaweza kufanya breki zipige kelele na zishike vibaya, na klachi ya PTO iteleze. Tafuta iliyoandikwa UTTO, yaani mafuta ya trekta ya giaboksi, haidroliki na breki za ndani, linganisha na ukurasa wa mafuta kwenye kitabu chako, na ununue ndoo iliyofungwa, siyo ya kupimiwa kwa chupa.